Maneno Ishirini ya Ukaidi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na bahasha ya mhariri imeingia nayo. Aliyeileta aliikinga kwa koti lake, kwa hiyo karatasi zimefika kavu na yeye amelowa chapachapa. Ndani mna orodha ya maneno ishirini ya Kiingereza, yote ya ukaidi, ugumu na kutokubali kushindwa. Kazi yangu ni kulipatia kila neno maana yake kwa Kiswahili na sentensi moja ya mfano, kwa ajili ya kamusi ya shule. Nimepewa hadi mwisho wa mvua.

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi waliniita Mwalimu Nukta, maana nilikata alama kwa kila nukta iliyosahauliwa mwisho wa sentensi. Kazi kama hii zamani ningeimaliza kwa siku tatu.

Naanza shajara kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Mke wangu aliondoka katikati ya Januari kwenda kwa binti yetu wa pekee, aliyekuwa amejifungua. Alikwenda kwa mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha akaniletea ujumbe kupitia jirani: "Mwambie Mwalimu nitarudi siku atakayokuja kunichukua. Mlango anaujua." Nikamjibu kwa jirani huyohuyo kwamba mlango siujui, na aliyejipeleka atajirudisha.

Siujui kweli. Binti yangu ameolewa huu mwaka wa pili, nyumba yake iko ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na sijafika hata siku moja. Harusini pia sikwenda. Mwanamume aliyemchagua nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilimjua, sikumtaka, nikasema sikanyagi.

Basi mke wangu ananisubiri kule, nami namsubiri huku.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na "stubborn", neno ambalo hata watoto wanalijua. Mkaidi, mbishi, mwenye kichwa kigumu. Waingereza hulitumia hata kwa doa lisilotoka kwenye nguo, na sisi hapo tuna doa sugu. Niliandika mfano: "Mzee yule ni mkaidi, hasikii ushauri wa mtu." Nikaufuta. Nikaandika: "Mwanamke yule ni mkaidi, amekataa kurudi nyumbani." Huo nimeuacha.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Wali umeungua chini na juu ni mbichi. Sijui yeye hufanyaje.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe wangu amekuja. Ni fundi wa friji. Alisimama nje ya dirisha la sebuleni na mfuko wake wa vifaa begani, akaniamkia, "Shikamoo, Baba." Nikaitikia marahaba nikiwa nimekaa. Akasema amepita kunisalimu, na kutazama friji.

Nikamuuliza nani kamwambia friji yangu inaumwa. Akasema hakuna, ila msimu wa mvua umeme huja na kwenda, na friji za umri ule huwa hazihimili. Nikamwambia friji ni nzima. Akasema haya, akaniaga kwa heshima, akaondoka na mvua yake.

Friji ilikufa Jumatano. Maziwa nimeyaweka ndani ya beseni la maji.

Jumatano, 12 Machi

Nimeona ajabu leo. Waingereza wakitaka kumtukana mkaidi huzunguka zizini. Wana neno la kichwa cha nguruwe, wana neno la nyumbu, na wana "dogged", ambalo limetoka kwa mbwa na hata halina tusi: ni mtu anayeshika njia haachi, kama mbwa aliyepata harufu. Sisi tumemtwisha punda peke yake mzigo wote huo. Nilicheka, nikageuka kumwambia mwenzangu. Nimegeukia kiti.

Ijumaa, 14 Machi

Kandambili zake zipo mlango wa nyuma. Mvua inazirukia. Asubuhi nilizitoa, nikazifuta, nikaziweka ndani. Mchana nikazirudisha palepale. Zikiwa ndani ni kama mtu aliyehama.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja tena. Salamu ileile, friji ileile. Nami nimejibu lilelile.

Jumanne, 18 Machi

Mhariri amepiga simu. Ni binti mdogo kuliko wangu, ila ana jicho la mtu aliyesahihisha vitabu vingi. Akasema tafsiri za maneno kumi ya kwanza niliyompelekea ni safi. Kisha akakohoa.

"Mwalimu, katika mifano kumi, saba ni ya mwanamke aliyekataa kurudi nyumbani. Na wa tano kaondoka na birika zuri."

Nikamwambia mifano mizuri hutoka katika maisha.

"Ni kweli. Lakini mtoto wa darasa la saba hana haja na habari za birika." Kisha akauliza taratibu, "Kaondoka nalo lini?"

Nikamwambia Januari. Amenipa wiki moja nibadilishe mifano saba.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefika kwenye "steadfast". Hili ni neno la sifa: imara, thabiti, asiyeondoka pale aliposimama. Nimekaa nalo asubuhi nzima.

Enzi za shule, nilipokuwa nasahihisha madaftari jioni, mwenzangu alikuwa akikaa upande wa pili wa meza akinichongea penseli nyekundu. Kiingereza hakukisoma. Lakini alikuwa akisikiliza namna ninavyoguna, na daftari likifungwa husema, "Huyo kafaulu," au, "Huyo mama yake ana kazi." Hakuwahi kukosea. Nilihamishwa shule mara tatu, na mara tatu alifunga vyombo akanifuata bila kuuliza kule kukoje. Mimi nimeombwa kuvuka mto tu.

Mfano wa neno hili nimeshindwa kuuandika. Nimeruka, nimekwenda kwa linalofuata.

Jumapili, 23 Machi

Mvua ya leo haikuwa ya kutokea nje. Naye alitokea. Nikamwambia friji ni nzima, akasema haya, ila hakuweza kuondoka kwa jinsi mvua ilivyopiga. Akasimama chini ya upenu, mgongo ukutani. Mimi nilikuwa ndani, hatua tatu kutoka kwake, nikiandika maana ya "unyielding": asiyepinda, asiyelegea. Saa mbili zimepita hivyo. Nilimsikia akipiga chafya. Sikumfungulia.

Mvua ilipopungua, jirani yangu mshonaji, ambaye cherehani yake inatazama mlango wangu, alikuja na mwavuli. Hakukaa. Akasema yeye ni mtu wa nguo tu, hana elimu ya kamusi, lakini kitambaa kikavu kupita kiasi hakishoneki, sindano inakatika. Halafu akasema, "Yule si muuza vitu, Mwalimu. Yule ni mkweo." Akaenda zake.

Jumatatu, 24 Machi

Neno la leo ni "obstinate". Nimelikwepa wiki tatu. Kila nikilifikia nalisogeza chini ya orodha, kama mtu anayeficha barua.

Nitaandika hapa yaliyotokea, kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu, hata mwenzangu.

Mkwe wangu alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho shuleni. Siku moja niliandika sentensi ubaoni, akanyoosha mkono akasema imekosewa. Nikamwambia akae. Akakaa, kisha akanyoosha tena. Nikamuuliza mbele ya darasa zima nani mwalimu hapa. Akasema, "Ni wewe, Mwalimu, lakini sentensi imekosewa." Hakupandisha sauti, hakucheka. Nikamtoa nje, akasimama juani hadi kengele.

Nyumbani nilifungua kitabu cha sarufi. Kitabu kilikuwa upande wake.

Kesho yake ningeweza kusema. Ubao ulikuwa umeshafutwa, nikajiambia na jambo limefutika. Lakini kila aliponitazama niliona anajua, na ninajua kwamba anajua. Mwisho wa mwaka, kwenye cheti chake cha kumaliza shule, pale penye nafasi ya maoni ya mwalimu kuhusu tabia, nikaandika neno moja: "Obstinate." Na nukta. Mkaidi wa lawama, asiyefundishika, anayeng'ang'ania kosa. Cheti hicho ndicho alichokwenda nacho duniani.

Miaka ilipita, siku moja binti yangu akaniambia jina la anayetaka kuolewa naye. Nikasema namjua, ni mkaidi, hafai. Sikuweza kusema kilichonikaa moyoni: kwamba sitaki mwanamume aliyeniona nikikosea akae mezani kwangu maisha yangu yote.

Neno sikulitafsiri leo.

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika kirefu, maana sitaki kusahau hata kimoja.

Usiku wa kuamkia leo mvua haikupumzika. Asubuhi nilisikia bati la jikoni likigonga, kisha likanyamaza, kisha maji. Yaliingia kama yaliyofunguliwa bomba, yakapita jikoni, yakashika njia ya chumbani. Sanduku la nguo za mwenzangu liko sakafuni pale. Nikalivuta, halikuja. Nina miaka sitini na nne na mgongo wa mtu aliyesimama mbele ya ubao. Nikawa navuta huku maji yamefika kifundoni, na sauti mlangoni ikasema, "Shikamoo, Baba."

Nikasema, "Ingia."

Aliweka mfuko juu ya meza, akashika upande mmoja wa sanduku, mimi mwingine, tukalipandisha kitandani. Nguo ya chini kabisa tu ndiyo iliyolowa. Kisha akapanda juu ya bati katika mvua ileile. Mimi nilishika ngazi. Nilikuwa namsikia akipiga misumari, akiniomba kipande cha bati, waya, kitambaa, nami nampa. Kwa muda wa saa nzima tulizungumza maneno ya namna hiyo tu: nipe, shika, legeza, bado. Nilikuwa sijazungumza na mtu hivyo tangu Januari.

Aliposhuka nilimpa shati langu na taulo. Nikachemsha chai kwenye sufuria. Akakaa kwenye kile kiti. Akaitazama friji, ilikuwa imetulia kimya pembeni na mlango wazi, na mimi nikatazama dirishani.

Hapo nikamuuliza kwa nini anakuja. Kama ni mke wangu anayemtuma, aseme.

"Mama hajui," akasema. "Anadhani Jumapili nakwenda kwa wateja. Ila kila mvua ikinyesha huwa anasimama dirishani. Husema, sijui lile bati la jikoni limehimili. Sasa nikawa nakuja kutazama bati. Friji ilikuwa sababu tu."

Nikamwongezea chai ambayo hakuiomba. Na kwa kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikainama. Nikamwambia nakumbuka nilichoandika kwenye cheti chake, na nakumbuka kwa nini. Nikamwambia kuhusu kitabu cha sarufi.

Akatabasamu kidogo, kwa aibu, kama kwamba mwenye kosa ni yeye. Akanisimulia.

Vyuo viwili vilimkataa bila kumwambia sababu. Alitaka kujua neno lile maana yake nini, akanunua kamusi ndogo ya mfukoni, ile iliyochapishwa ovyo, nusu ya kurasa zimegeuka juu chini. Kamusi ikamwambia: "mtu asiyekata tamaa." Akaamini. Akasema moyoni, kumbe Mwalimu pamoja na yote aliniona. Akakipeleka cheti kwa mzee mwenye karakana ya friji, ambaye Kiingereza hajui, akamsomea maana. Mzee akasema mtu wa namna hiyo ndiye anayemtaka, akamchukua siku hiyohiyo. Akakiwekea cheti kioo na fremu, akakitundika ukutani juu ya meza yake ya kazi. Kila friji ikimshinda anakitazama.

"Miaka miwili, Baba. Friji zilizowashinda wenzangu nilizitengeneza kwa neno lile."

Kisha siku moja muuguzi mmoja akaja kuomba fundi, friji ya dawa za zahanati yao imeharibika. Akiwa anasubiri akaona mwandiko ukutani. Aliujua, ni mwandiko uliosahihisha madaftari yake tangu utotoni. Akasoma neno. Hakusema kitu siku hiyo. Alirudi siku ya tatu, akamweleza maana yake halisi, akaomba radhi kwa niaba ya baba yake. Ndivyo alivyomfahamu binti yangu.

"Kwa hiyo aliyenipa mke ni wewe," akasema mkwe wangu, "ingawa hukukusudia."

Tulicheka. Nilicheka hadi nikalazimika kuinuka na kwenda jikoni, nikasimama pale chini ya bati jipya, nikisingizia kutafuta sukari.

Nikamuuliza cheti kiko wapi. Akasema bado kiko ukutani. Binti yangu alitaka kitolewe, yeye akakataa. Kile alichokizoea, akasema, ni ile maana ya kwanza.

Friji ameitengeneza kwa dakika ishirini.

Jumanne, 1 Aprili

Nitakwenda. Leo mvua kubwa.

Jumatano, 2 Aprili

Kwanza nimalize neno la kumi na sita, nisiende na kazi kichwani.

Alhamisi, 3 Aprili

Neno la kumi na saba ni "adamant". Asili yake ni jina la kale la jiwe gumu kupita yote, lile lisilokatwa na chuma. Mtu akiwa hivyo, hakuna neno litakalomgeuza. Nimevaa viatu mara mbili leo, nikavivua mara mbili.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda. Nimefika mtoni nimekuta daraja limefungwa. Maji yamepanda hadi kwenye mbao, na askari wawili wanarudisha watu. Mmoja akaniambia pole sana, mzee, labda wiki ijayo.

Nilifurahi. Naandika hili kwa kuwa shajara ni ya ukweli. Nilipoambiwa nirudi, kifua kililegea kama cha mwanafunzi aliyesikia mtihani umeahirishwa. Nilipiga hatua kama mia za kurudi nyumbani, nikitembea mwepesi, ndipo nikajiona. Nikakaa juu ya jiwe pembeni ya njia. Miezi miwili na nusu nimekuwa nikisema mwanamke yule ni mkaidi.

Jumapili, 6 Aprili

Mkwe hakuja. Daraja. Nilijua hawezi kuja, na mlango niliuacha wazi tangu asubuhi. Chai ya watu wawili ikapoa.

Jumatatu, 7 Aprili

Kuna daraja la juu, la magari makubwa, ila ni kuuzunguka mji mzima. Nimeondoka saa moja asubuhi na mwavuli, nimefika saa tano na nusu. Viatu vimeachana na soli.

Nyumba yao ina mlango wa bluu. Nimegonga. Amefungua binti yangu, mtoto begani. Hatukuwa tumeonana ana kwa ana tangu wiki ya harusi yake. Amekonda usoni, amekuwa mama wa mtu. Akasema, "Shikamoo," bila kusema Baba. Akasogea nipite.

Mkwe alikuwa nyumbani, kwa kuwa karakana yake imezingirwa na maji. Alitaka kunipa kiti. Nikamwambia nitasema nimesimama, nikikaa sitasema.

Nikasema, "Siku ile ubaoni ulikuwa sahihi, nami nilijua jioni ileile. Nikakuandikia neno baya kwa sababu hiyo. Kisha nikakataa kuja kwenye harusi yenu kwa sababu hiyohiyo. Nimekosa kwako." Nikamgeukia binti yangu. "Na kwako zaidi."

Mkwe alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema yameisha, Baba. Binti yangu hakusema hivyo. Alimhamisha mtoto bega.

"Nilikuwa natazama mlango," akasema. "Watu wote wameketi, mimi natazama mlango. Mama ananiambia geuka mbele, wanapiga picha. Kwa hiyo mimi bado, Baba. Nipe muda."

Nikamwambia achukue muda wote anaoutaka.

Mke wangu hakutokea. Nilimsikia uani akisuuza nguo za mtoto. Nikamfuata. Aliendelea kukamua hadi nguo ya mwisho, akaitundika chini ya upenu, ndipo akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Umepitia wapi na daraja limefungwa?"

"Daraja la juu."

"Kwa miguu hiyo?"

Nikasema ndiyo. Akafuta mikono. Nikaona midomo yake inataka kufanya jambo, na yeye anaizuia.

"Nimekuja kukuchukua," nikasema.

"Naona," akasema. "Lakini leo siendi. Mtoto ana kifua, na mwanao anarudi kazini mwezi ujao. Nilisema utakuja. Sikusema nitaondoka siku hiyohiyo."

Basi. Nimekula kwao, nimelala kwao, kwenye godoro la sebuleni. Naandika haya asubuhi ya Jumanne kwenye meza yao, na yeye yupo upande wa pili wa meza, anakunja nguo ndogondogo. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia kazi. Amesema, "Hujaguna hata mara moja, basi si kazi."

Jumamosi, 12 Aprili

Daraja limefunguliwa. Nimerudi nyumbani peke yangu. Ukimya ni uleule, ila sasa naujua urefu wake.

Jumapili, 20 Aprili

Mkwe alinijia asubuhi, tukavuka pamoja. Chakula cha mchana kwao. Binti yangu ameniuliza kama naongeza chumvi. Nimemwambia hapana. Ndiyo mazungumzo yetu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimepeleka maneno yote ishirini. Kwenye "obstinate" nimeandika mkaidi, mshupavu wa makosa, maana ndiyo maana yake, na kamusi ni kamusi. Mfano: "Mwalimu mkaidi alikataa kufuta sentensi yenye kosa." Mhariri amepiga simu kusema mfano huo ni mzuri kuliko yote, ametaka kujua nimeutoa wapi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zinapungua. Binti yangu bado. Anipapo sahani huinyoosha kwa mkono mrefu, kama mtu anayemlisha mnyama asiyemjua. Mama yake alipokuwa akinisindikiza, nilimlalamikia. Akaniambia, "Kamrithi nani?"

Jumamosi, 17 Mei

Mwenzangu amerudi. Nilikwenda kumchukua, nikabeba begi, yeye akabeba birika. Amepita chumba hadi chumba. Amesema sufuria zote zinahitaji kusuguliwa, bati la jikoni lina mwinuko, na nani alipanga nguo zake hivi. Kisha amekaa kwenye kiti chake, na amekaa hapo muda mrefu bila kufanya chochote.

Ijumaa, 30 Mei

Jua siku nne mfululizo. Kwa binti yangu tulikwenda, akatuaga wote wawili. "Kwaherini." Nimelihesabu hilo kuwa nusu yangu.

Jumatano, 11 Juni

Mwenzangu anaumwa jino, amenituma mimi nipeleke dawa ya mtoto. Ni mara ya kwanza kufika kwao bila mwenzangu kuwapo. Mkwe alikuwa kazini. Binti yangu hakuwa na zamu siku hiyo; alipokea dawa mlangoni, akashukuru, nikageuka niondoke.

Akasema, "Una haraka?"

Nikasema sina.

Akasema sabuni imemwishia, anataka kufika dukani mara moja. Kisha akamtoa mtoto kiunoni, akaniwekea mikononi, yeye mwenyewe akanipanga mikono kama anayemfundisha mwanafunzi kushika kalamu. "Mshike mgongo, Baba. Siku hizi anajitupa nyuma."

Akaenda. Mjukuu wangu alinitazama kwa uso wa mkaguzi wa shule. Sikumwimbia, sijui nyimbo. Nilimsomea yaliyoandikwa kwenye chupa ya dawa, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya chini, nikitua kwenye kila nukta. Nilipofika pale penye "weka mbali na watoto" alikuwa amekwisha kulala kifuani kwangu.

Duka liko pua na mdomo na nyumba. Binti yangu alichukua karibu saa nzima. Alipoingia aliweka sabuni mezani, akasimama mbele yetu.

"Mlaze sasa, mkono utakufa ganzi."

Ulikuwa umekufa kitambo. Nikatikisa kichwa, kwamba simlazi. Alinitazama nikadhani ataniambia tena. Akavuta kiti, akaketi karibu yangu, akaanza kuchambua mboga.

"Haya," akasema. "Kaa hapohapo."